Miaka Yangu na Vichwa vya Al Warqa

Kabla sijaitwa kwenda kazini mtaa wa Al Warqa niliamini kwamba Dubai haina tena kitu cha kunishangaza, na nilikuwa nikiwaambia watu hivyo hata wasiponiuliza. Nilikuwa mfungashaji wa mizigo, na mfungashaji huona ndani ya nyumba za watu kuliko daktari. Nilishafunga bafu la shaba lililotengenezewa mbwa. Nilishabeba kabati la mwewe lenye kiyoyozi chake, mwewe mwenyewe akiwa ndani, ananitazama kama mimi ndiye nisiye na adabu. Nilishahamisha mashine ya kukimbilia ya ngamia kutoka ghorofa ya pili, na mpaka leo sijaambiwa ngamia alipandaje. Kwa hiyo msimamizi aliposema kuna villa imepokea makasha kutoka Uingereza na mwenyewe anataka mtu wa mkono mwepesi, nilichukua nyundo na mtaimbo nikaenda kama anayekwenda kununua mkate.

Kasha la kwanza nililifungua mimi. Ndani ya maranda ya mbao mlikuwa na vichwa.

Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa mnaviona kwanza kwenye simu, mnavizoea kabla hamjavigusa. Mimi sikuzoeshwa. Vichwa vya watoto, vya wazee, kimoja cha mwanamke aliyepakwa wanja, vyote macho wazi, na kila mdomo umekatwa pembeni kwa mistari miwili inayoshuka hadi kidevuni. Mwenzangu, mtu wa Peshawar, mpole sana, alisoma aya moja kwa sauti ya chini, akaenda kukaa garini na hakutoka mpaka adhuhuri. Mie nikabaki. Ushujaa haukuwamo. Kimoja, cha mtoto, ambacho kilikuwa bado na kiwiliwili chake, taya lake lilikuwa limeanguka, na mimi kitu kilichoanguka siwezi kukipita.

Basi nikaketi juu ya kasha nikalitazama. Ngozi iliyokuwa bawaba ya taya ilikuwa imekauka na kukatika. Nikakata kipande kwenye ulimi wa kiatu changu, nikakipitisha palepale, nikafunga kwa uzi. Nilipovuta kamba kwa nyuma, mdomo ukafunguka. Nikaachia, ukafunga. Nikasikia mtu nyuma yangu anacheka kidogokidogo.

Alikuwa mwenye nyumba, Bwana Nassor, mfanyabiashara wa vigae. Nikamsalimu kwa Kiarabu changu cha sokoni. Akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja, safi, maana mama yake alizaliwa na kukulia kule. Ila maneno yalikuwa yakimkwama. Alikuwa na kigugumizi kizito. Jina lake mwenyewe lilimchukua muda kulitoa. Nikangoja. Alipochoka, alimwinua yule mtoto niliyemtengeneza, akaketi, akamweka pajani, akapitisha mkono mgongoni, na mtoto akanigeuzia uso akasema bila kukwama hata mara moja, "Fundi, umenitia ulimi wa kiatu mdomoni. Nani kakufundisha?"

"Sikufundishwa," nikamjibu mtoto. Unafanya nini? Umeulizwa, unajibu.

Kwa yeyote asiyejua: hawa ni wanasesere wa kusemeshwa. Mtu humkalisha pajani wakaongea wawili, na sauti zote mbili ni za mtu mmoja, ila midomo yake haitikisiki. Zamani Ulaya na Marekani watu walijaza kumbi kuwatazama. Bwana Nassor alipelekwa Uingereza utotoni kutibiwa ulimi, na madaktari hawakufua dafu. Aliyemsaidia ni mzee mmoja mchezeshaji aliyekuja kuwafurahisha watoto hospitalini. Alimpakatisha mwanasesere, akamwambia, wewe nyamaza, mwache yeye aseme. Na yeye akasema. Tangu siku ile moyo wa Bwana Nassor uko huko. Alipopata pesa alianza kuwanunua, wazee, waliovunjika, walioliwa na wadudu. Sisi pale tuliwaita watoto, nami nitaendelea kuwaita hivyo.

Mwezi haukuisha nikawa chini yake. Visa, mambo ya kafeel, yaani mdhamini, na mshahara sitavizungumza. Anayetaka hadithi ya mshahara akaulize walioajiriwa benki. Nitasema tu kwamba mimi niliyeachia shule darasa la sita, na hilo la sita nililisoma kwa mbali, nilikuja kuwa fundi wa mataya ambaye Dubai nzima hakuwa na mpinzani. Hakuwapo mwingine wa kushindana naye, lakini hilo si kosa langu.

Siku zile nilipanga kitanda katika chumba cha wanaume Deira, jirani yangu wa kitanda akiwa Wasswa, Mganda, mlinzi wa jengo kule Silicon Oasis. Mkristo, mtu wa sala, mrefu mpaka miguu yake ililala nje ya godoro. Wiki ya kwanza nilikuja na kichwa kimoja ndani ya mfuko wa dukani ili nifanyie mazoezi ya kushona ngozi. Nikakiweka rafuni.

"Athmani," akasema Wasswa, "hiyo kitu inalala hapa?"

"Inalala. Haina kwao."

"Mimi nalinda jengo masaa kumi na mbili watu wasiingie. Narudi nyumbani, mtu ameingia na hana hata mwili."

"Haumi."

"Sijasema inauma. Nasema inaniangalia."

Tukakubaliana kitatazama ukuta. Asubuhi nikamkuta amekivisha kofia yake ya ulinzi. Akasema kama ni lazima kikae, basi kifanye kazi. Wasswa namshukuru mpaka kesho. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika kwa simu, na ndiye aliyeniambia niandike haya.

Aliyenifanya fundi kamili ni Ustadh Sunil. Alitoka kusini ya Sri Lanka, ukoo wa wachonga vinyago vya mashetani, na Dubai alikuwa akipanga madirisha ya maduka ya nguo. Bwana Nassor alimpata kwa kuulizauliza. Mfupi, mkimya, ana tabia ya kunusa mbao kabla ya kuzigusa. Tulielewana kwa Kiarabu kibovu chake na kibovu changu, na vibovu viwili vikikutana havioneani haya.

Siku ya kwanza hakunipa kisu. Alinipa taya na kichwa, akaniambia nifungue na kufunga nikiwa nimefumba macho. Nikafanya hivyo asubuhi nzima. Mwishowe akauliza, "Umesikia nini?"

"Tak, tak."

"Khalas, basi. Hiyo ndiyo kazi. Mtu wa kiti cha nyuma asisikie tak. Akiisikia, mtoto amekufa."

Basi vijana, kabla ya rangi, kabla ya wigi, kabla ya lolote, nyamazisheni taya. Kipande cha ngozi laini ya mbuzi, chembamba kama ganda la kitunguu, kinabandikwa pale mbao inapogonga mbao. Bandika kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe, ile ya kupashwa moto, inayonuka. Msitumie gundi ya bomba ya dukani. Gundi ya bomba inashika milele, na atakayekuja baada yako atalazimika kuvunja ili atengeneze. Ustadh alikuwa akisema fundi mwenye heshima anaacha mlango nyuma yake.

Pia alinifundisha kumkagua mtoto kwa mgongo. Sisi wote tunakimbilia uso. Lakini uso ni wa watazamaji. Mchezeshaji mwenyewe haoni uso, anashika mgongo. Ingiza mkono kwanza. Tafuta ule mpini wa ndani, na juu yake utakuta shimo dogo lililochimbwa na dole gumba la mtu aliyekufa zamani. Hapo usipige msasa. Pale ndipo mtu alipokuwa akiongelea.

Na la tatu, ambalo nilidhani ni maneno ya wazee tu: "Rangi ya kwanza ni ngozi. Rangi zinazofuata ni nguo." Ngozi haibanduliwi. Nguo unaweza kuvua, ukijua unachokifanya, na kama hujui, acha mtoto na nguo zake.

Karakana yetu ilikuwa chumba cha uani, pale ambapo villa nyingine wanaweka mpishi. Ndani ya nyumba kubwa watoto hawakuruhusiwa, kwa amri ya Bibi Zuwena, mama yake Bwana Nassor. Bibi alikuwa mdogo wa mwili na mkubwa wa sauti. Alikubali mwanawe awe na ugonjwa wake wa vichwa, kwa sharti moja: ikiadhiniwa, kila uso ufunikwe. Mwenyewe alikata kanga zake kuukuu vipande vipande akaniletea. Kwa hiyo kila adhana nilikuwa nikipita rafu kwa rafu nikiwafunika, na baada ya swala nawafunua. Mwanzo niliona ni usumbufu. Baadaye nikagundua kwamba ukimfunua mtoto baada ya dakika chache, unamwona upya. Kasoro ya jicho iliyokupita asubuhi inakurukia. Mpaka nastaafu nilikuwa nafanya hivyo hata pasipo adhana.

Ugomvi wetu mkubwa na Bibi ulikuwa wa friza. Mbao ikiwa na wadudu, usitie dawa ya sumu, inaharibu rangi. Funga kichwa ndani ya plastiki mara mbili, toa hewa, kiache kwenye friza wiki kadhaa, wadudu wafe kwa baridi. Friza ya karakana ilikufa katikati ya Agosti, nami nina kichwa cha askari polisi kilichojaa wadudu. Nikampa msichana wa jikoni akiweke kwenye friza ya nyumba. Hakuuliza ni nini. Aliyeuliza ni Bibi, siku alipokwenda kutoa samaki.

"Athmani!"

"Labeka, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba ya nini? Kichwa cha mtu kimelala na nguru wangu. Nini hichi?"

"Ni polisi, Bibi. Ana wadudu."

"Polisi wote wana wadudu. Hawalali na nguru."

Akanipa siku ya kukitoa, kisha akasahau, ama alijifanya kusahau, na askari akamaliza wiki zake. Alipotoka, nilimwona Bibi akimchungulia mashimo. "Wamekufa kweli?" akauliza. Nikamwambia wamekufa. Akasema basi ile friza angalau ina faida.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Dubai ni adui wa mbao ya zamani, na adui mwenyewe ni kiyoyozi. Mtoto aliyekaa miaka themanini kwenye unyevu wa Ulaya, ukimwingiza chumba kikavu cha baridi anapasuka kuanzia sikio. Tulikuwa tukiweka beseni za maji chini ya rafu, na kiangazi hatukumtoa mtoto garini hadi gari lenyewe lipoe pole pole kivulini. Kulikuwa na kijana wa mtaa wa JVC aliyechezesha kwenye sherehe za watoto. Mwanasesere wake aliacha kugeuza macho, na mafundi watatu wa simu walikuwa wamemfungua kabla yangu. Ndani ya jicho nikakuta bigijii. Mtoto mmoja mwalikwa aliamua kumlisha. Nilifanya kazi ile bila kumtoza kitu, kwa sababu nilicheka sana, na kucheka nako ni malipo.

Ustadh Sunil alirudi kwao magoti yalipomshinda. Alinigawia patasi zake nne na kile kisu chembamba kama cha daktari. Kuaga kwake kulikuwa kunusa patasi moja, kunikabidhi, na kusema, "Yalla," yaani haya, twende. Nikabaki peke yangu mkuu wa karakana. Na hapo, nikiwa nimetunisha kifua, ndipo lilipokuja kasha nililotaka kuwaelezea tangu mwanzo.

Bwana Nassor mwenyewe hakuwa na furaha nalo. Alilinunua mnadani kwa simu kwa sababu moja. Mzee yule wa hospitalini, aliyemfungua ulimi, alikuwa na mwanasesere mwenye koti la baharia, na Bwana Nassor alikuwa amemtafuta mtoto yule dunia nzima. Akampata kwa mkusanyaji mmoja ng'ambo. Mkusanyaji hakutaka pesa. Alitaka kubadilishana, na alichotaka ni mtoto fulani aliyekuwa akiuzwa mnadani wiki ileile. Ndiye huyo aliyekuwa ndani ya kasha. Kazi yangu ilikuwa kumtengeneza taya na macho, apelekwe.

Nikamtoa kwenye maranda. Alikuwa mtu mweusi. Yaani alikuwa kile ambacho watu fulani zamani walikiita mtu mweusi ili wachekeshwe. Rangi nyeusi tii kama ya jiko, inayong'aa. Macho ya kutumbuka. Na midomo mikubwa nyekundu, mizito, imejengwa kwa puti ya kuzibia mbao hadi inafika katikati ya mashavu. Unavuta kamba, na mdomo ule unafunguka mzima mzima kama wa mnyama anayepiga miayo.

Nikamlaza kifudifudi, nikaenda kunawa mikono.

Ijumaa Wasswa alikuja kunisalimia, kama kawaida yake akipata likizo. Akamgeuza.

"Athmani, wamekuchora. Hata masikio."

"Hayo masikio ni ya kwako."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akamvuta kamba mara moja. "Hii unarekebisha ndiyo iongee?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Sasa ssebo, bwana wangu, ukimaliza, na hiyo mdomo itasema nini?"

Nikamnyang'anya kamba, nikamlaza mtoto tena kifudifudi.

Adhana ilipolia nikawafunika wote. Bibi alikuwa akipita uani, akasimama mlangoni. Akanyoosha kidole kwa yule mpya, ambaye nilikuwa nimeshamwinulia kitambaa. "Huyo usimfunike," akasema. "Huyo keshafunikwa."

Nilidhani anamlaani. Lakini neno lile halikunitoka. Nikampiga picha huku na huku, nikamtumia Ustadh Sunil. Jibu lake lilikuja kwa sauti, na nyuma yake kuku wanalia: "Athmani, usiangalie uso. Angalia ndani ya pua."

Tochi ndogo na kioo cha daktari wa meno. Anayepaka rangi upya hana subira ya kufika ndani ya pua. Brashi yake inaishia mlangoni. Nikachungulia. Ndani kabisa hapakuwa na weusi wa jiko. Palikuwa na kahawia. Kahawia nzuri, ya joto, kama ya watu wa kwetu. Nikainua ukingo wa wigi: kahawia. Nyuma ya kope, pale zinapojificha jicho likiwa wazi: kahawia. Huyu mtoto alikuwa na ngozi yake, na mtu alikuja baadaye akamvisha ile nyingine.

Nikaenda kwa Bwana Nassor nikamwambia nataka kumvua. Akatikisa kichwa. Akajaribu kusema, ikakwama. Akaondoka, na aliporudi alikuwa na mtoto mmoja aliyevalishwa kama kapteni wa meli, ambaye alipenda kumtumia kwa maneno marefu. Akaketi, akamweka pajani.

"Fundi," kapteni akasema, "mteja anamtaka alivyo. Ndivyo alivyo kwenye picha ya mnada. Ukimgusa uso, mabadilishano hayapo. Mwenye nyumba hii amemtafuta yule baharia tangu hajaota ndevu. Unataka kumkosesha kwa ajili ya rangi?"

"Kwa ajili ya uso, arbab," nikamjibu, kama tunavyowaita matajiri wetu kule.

"Ni mbao."

"Na baharia naye ni mbao. Mbona unamlilia?"

Kapteni akabaki mdomo wazi. Hapo nikasema kitu ambacho mfanyakazi hamwambii kafeel wake. Nikasema, "Mweke chini kapteni, Bwana Nassor. Nataka kuzungumza na wewe, siyo na yeye."

Chumba kikawa kizito. Nilidhani ndiyo siku yangu ya kufunga virago. Nikaendelea hivyohivyo, maana nikishaanza sijui kusimama. Nikamwambia: rangi ya kwanza iko, nimeiona. Kama nikivua nikakuta hakuna kitu, hasara si yako. Nitamnunua mimi kwa bei yoyote utakayotaja. Lakini nikimtengeneza mdomo ule useme, nitakuwa nimesema mimi.

Akamweka kapteni chini. Akanitazama muda mrefu, midomo yake ikihangaika. Nilingoja kama nilivyongoja siku ya kwanza. Likatoka neno moja, la kwake mwenyewe, kwa shida yote. "Sa... sa... safisha."

Mnaotaka kujua ilivyofanyika, ni hivi. Dawa ya kwanza ya kusafishia ni mate. Pamba kwenye kijiti, unalamba, unazungusha. Msicheke, hata wakubwa wa makumbusho wanatumia mate. Mate yaliondoa masizi tu. Nikapanda kwenye dawa kali kidogo, kisha kali zaidi, kwanza nyuma ya shingo ambako hapaonekani, nikitazama kila pamba inachokibeba. Nyeusi ikibebwa, endelea. Kahawia ikionekana kwenye pamba, simama hapohapo. Midomo ya puti haikutaka dawa, ilitaka kisu. Kile kisu cha Ustadh kikapita kati ya puti na mbao kama kinachotenganisha ukurasa na ukurasa.

Chini ya puti kulikuwa na mdomo. Mdomo wa kawaida, uliofungwa vizuri, kona moja imeinuka kidogo kama wa mtoto anayejua jibu na anangoja kuulizwa. Aliyemchonga alikuwa amemtazama mtu halisi. Nani alimchonga, na alimchonga nani, sijui, na sitabuni. Ila alimchonga kwa mapenzi, hilo mkono wangu unalijua.

Halafu nikafika shavu la kushoto. Pamba ikatoka nyeusi, ikatoka nyeusi, kisha ikagusa mbao tupu. Aliyempaka upya alianza kwa kumkwangua, akakwangua shavu zima, akachoka, akapaka juu ya yaliyobaki. Nusu ya uso ilikuwa hai. Nusu nyingine ilikuwa ubao. Nikarudi nyuma, nikakaa chini sakafuni na pamba mkononi. Nilijua kitakachotokea: mkusanyaji hatamtaka, na yeyote mwingine atasema ameharibika.

Nilimwita Bwana Nassor. Akaja, na Bibi nyuma yake akijifanya anatafuta paka. Wakamtazama. Bibi akaondoka, akarudi na kipande cha kanga, kipya, si kuukuu, akanipa. "Huyu sasa ana uso," akasema. "Umfunike kama wenziwe."

Mkusanyaji alijibu kwa mstari mmoja. Baharia hakuja. Bwana Nassor alipokea habari ile karakanani mbele yangu, akaweka simu mfukoni, akauliza kama bado tuna ngozi ya mbuzi ya kutosha. Huyo ndiye mtu niliyemfanyia kazi. Mpaka namaliza, hakunirudishia hata kwa mzaha lile neno langu la kumnunua mtoto kwa bei yoyote, na hata siku moja hakumleta kapteni tena baina yetu. Yaliyokwama yalikwama, nami nilingoja.

Shavu sikulipaka. Nililitia nta tu, mbao ionekane ni mbao. Mkono wangu wa kulia ulipoanza kutetemeka, nikasema nirudi nyumbani ningali fundi, kabla sijawa mtu anayesimuliwa kwamba alikuwa fundi. Siku nakusanya vitu nikamkuta Bwana Nassor amemweka mtoto yule juu ya meza, amemfungia koti.

"Mchukue," akasema, kila neno kwa zamu yake. "Hapa, kila nikimtazama, namwona yule niliyemkosa. Si haki kwake."

"Bure, arbab?"

Akatikisa kichwa taratibu. Maneno yakamkwama, akayangoja, yakaja. "Nikikupa bure itakuwa kama nimekusamehe. Na wewe hujakosa. Nipe bei niliyomnunulia mnadani, na nauli ya kumleta."

Hakuongeza na hakupunguza. Nami sikuomba apunguze, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe Mombasa. Sasa yuko kwangu Majengo, sebuleni, na wajukuu wanabishana juu yake, kila mmoja anadai anafanana na yeye. Taya lake nililinyamazisha mwenyewe. Nilimlipia taslimu, noti mezani mbele ya karakana nzima ya vichwa vilivyofunuliwa: dirham elfu kumi na moja, mia tatu na arobaini.